Mlango wa Nyuma wa Konokono

Jumapili, 8 Julai 1956

Konokono kazimika tena. Na leo si porini — mbele ya kanisa! Watu wanatoka ibadani, vitabu vya nyimbo mkononi, na sisi tumeziba njia. Wazee wa kanisa wakasukuma. Mchungaji naye akasukuma, na joho lake! Mimi nilikuwa ndani kule nyuma, pazia nimelifunga, nacheka mpaka mbavu zinauma. Mungu anisamehe.

Daftari hili ni jipya, niandike mambo yakaeleweka hata nikizeeka. Konokono ni lori letu. Isakwisa mume wangu alilinunua kwa Mzungu mchimba dhahabu wa Chunya, aliyeikatia tamaa dhahabu akarudi kwao. Mzungu yule alikuwa amejenga nyumba ya mbao mgongoni mwa lori. Vitanda viwili, jiko la mafuta ya taa, kabati, dirisha, na mlango wa nyuma wenye ngazi yake. Mbele anakaa dereva na mtu wa pembeni. Kati ya mbele na nyuma ni ukuta wa mbao, hauna hata tundu. Gari hili halibebi mahindi wala matofali. Kazi yake ni kutembea tu! Mbeya nzima wanatucheka: karani wa idara ya barabara anapewa likizo, badala ya kwenda kulima anazurura na nyumba mgongoni. Ndipo likapata jina.

Wacha wacheke. Mimi nimeuona Mto Ruaha kupitia dirisha lile. Wao wameona nini?

Isakwisa kasema jioni: ama tumtengeneze, ama tutafute jingine. Injini inagonga, rejeta inavuja, sakafu imeoza upande wa jiko. Kweli, juzi kijiko kilianguka ndani tukakiokota barabarani.

Jumatano, 11 Julai

Fundi Alawi amekuja kumpima Konokono. Babu yake alitoka pwani, na maneno yake bado yana sukari ya huko. Akalala chini ya gari nusu saa, tunaona miguu tu. Akatoka, akafuta mikono, akanitazama kwa huruma.

"Shemeji, mgonjwa wenu amekula chumvi nyingi."

Nikamwuliza, atapona?

"Atapona, akitibiwa. Injini ifunguliwe yote, rejeta ichomelewe, sakafu ing'olewe. Mnipe mwezi mzima."

Isakwisa akakuna kichwa. Nikaleta chai na mihogo. Sasa Alawi akishaonja chai hanyamazi. Katusimulia ya mtu mmoja aliyeuza gari bovu kwa kiganja cha pumba za mahindi. Unazitia kwenye rejeta, zinavimba, zinaziba matundu yote. Siku mbili tatu gari halidondoshi hata tone. "Halafu?" Isakwisa akauliza. "Halafu mwuzaji amehama mji," Alawi akajibu. Tena akasema njia ni nyingi, hiyo ya pumba ni moja tu.

Tukacheka sana. Mimi nilicheka huku nasikiliza.

Ijumaa, 13 Julai

Barua imekuja na basi la Iringa. Mzungu mmoja wa tumbaku anarudi kwao, anauza Kombi. Tena si la kubebea watu tu — lina kitanda cha kukunja, meza ndogo, kabati, mapazia ya maua! Aliyeandika ni dereva wake, Philbert. Isakwisa kaisoma mara tatu. Wifi Yudith kaisoma mara nne, na kusoma kwake ni kwa shida. Yudith ni dada wa Isakwisa, mjane, tunakaa naye hapa hapa. Ameshajiona anaingia Iringa na kitambaa kipya kichwani.

"Wifi, mapazia ya maua!"

Nikauliza swali moja tu. Kati ya mbele na nyuma kuna ukuta?

"Hakuna!" Isakwisa kwa furaha. "Chumba kimoja, peupe! Dereva anaongea na watu wake wote."

Moyo ukanishuka.

Wanaume hawa! Barua mara tatu, na bado hajaona. Fedha ya gari itatoka kwenye kahawa ya baba mkwe wangu, kule Rungwe. Na baba mkwe hatoi fedha akabaki nyumbani. Tangu mama mkwe afariki hajakosa safari hata moja ya Konokono. Anapenda kutembea kuliko mtoto. Sasa, kwetu Wanyakyusa mke wa mwana na baba wa mume hawaonani. Nikisikia anakuja, nakimbia, kichwa nimefunika. Alipokaa sikai. Chumba alichomo siingii. Jina lake silitaji — hata hapa, kwenye daftari langu mwenyewe, silitaji. Miaka tisa ya ndoa, ninachokijua ni mgongo wake na kofia. Mzee mwenyewe amebatizwa, lakini ukwe wake haujabatizwa.

Ndiyo maana Konokono ananifaa. Mzee mbele na mwanawe. Mimi nyuma na watoto na sufuria zangu, mlango wangu, ngazi yangu. Kwenye Kombi mimi nitakaa wapi? Juu ya paa na mizigo?

Jumamosi, 14 Julai

Nimemwambia Isakwisa. Kaduwaa kidogo, kisha akasema tutaweka pazia.

Pazia! Upepo ukilipuliza pale Igawa, nani atalishika? Na Mzee hawezi kukubali, anajua pazia si ukuta.

Akafikiri tena. Kisha akasema, tena kwa upole, na upole ndio uliouma: "Basi wewe utatangulia na basi, Tupokigwe. Tutakutana Iringa."

Nimekaa jikoni nimelia. Basi nimepanda mara nyingi, halinitishi. Ila mwaka mzima nachota maji na kusonga ugali nikingoja siku kumi zile za safari. Kuchemsha chai kando ya barabara. Kulala Ruaha nikisikia maji. Kuingia Iringa na mama yangu amesimama nje kwa kaka, maana anamjua Konokono kwa mlio kabla hajamwona. Siku hizo ni zangu. Na kwenye kiti changu atakaa Yudith na kitambaa chake!

Nimefuta machozi. Konokono atengenezwe, basi. Na Mzee amwone ni mzima.

Jumatatu, 16 Julai

Mzee amefika na basi la Tukuyu. Nilikuwa uani naanika mahindi, nikasikia fimbo yake getini — mbio! Nimerukia jikoni kwa dirisha. Dirisha ni dogo na mimi si mdogo. Nimekwama kiunoni, Yudith ananivuta miguu huku anacheka. Wifi mbaya huyu.

Mzee analala kwa Sedekia, jirani, maana chini ya paa moja nami halali. Mchana anakuja kukaa uani na chakula anakula hapo. Habari zake zinanifikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni Yudith, anayeongeza chumvi. Ya pili ni kuku. Ndiyo, kuku! Mzee anaongea na kuku wangu kwa sauti, akijua niko nyuma ya ukuta wa jikoni. Leo kawauliza: "Enyi kuku, nani kapika maharage haya? Ana mkono huyo. Mwambieni ndaga, nashukuru."

Kuku hawakujibu. Mimi nilitabasamu peke yangu na sufuria.

Kawaambia pia kwamba Jumapili atamsikiliza Konokono njiani, ndipo aamue kahawa yake iende wapi.

Jumatano, 18 Julai

Mzee kashinda kwa Alawi tangu asubuhi, anatazama magari yakifunguliwa. Isakwisa anasema hiyo ndiyo burudani yake mjini.

Alasiri karudi, kawaambia kuku wamwazime mayai mawili. Mabichi. Kifua kinambana, anasema. Nikamtuma Yudith na chai ya tangawizi. Ikarudi. Hataki chai, anataka mayai.

Nimetoa. Lakini nina wasiwasi, wazee na kifua na baridi hii ya Julai. Leo maji kwenye beseni yaliganda juu.

Alhamisi, 19 Julai

Mayai mengine mawili! Kuku hawa wanataga kwa ajili yake tu sasa.

Nilitaka kutoka alfajiri nikamtazame Konokono, nikaona kofia ya Mzee upande wa pili wa boneti. Nikarudi mbio. Anafanya nini pale na baridi yote hii? Anamuaga, labda. Nimeona huruma, na papo hapo hasira: kama umeshaamua kumuaga, mzee wangu, subiri kwanza Jumapili!

Saa nne Isakwisa kazini, Yudith sokoni, Mzee kwa Alawi. Nikapanda juu ya ndoo. Nikafungua kifuniko cha rejeta. Kiganja kimoja cha pumba. Nikafikiri. Nikaongeza kingine, kwa ajili ya Yudith.

Halafu nikachukua blanketi kuukuu na mkeka, nikavitandika chini ya miguu kule mbele, ili kugonga kusisikike sana. Isakwisa akiuliza, nitasema ni baridi. Na baridi ipo!

Jumapili, 22 Julai

Sijui nianzie wapi.

Baada ya ibada tumekwenda hadi Uyole na kurudi. Mzee na Isakwisa mbele, mimi na watoto na Yudith nyuma. Rejeta — kavu! Hata tone! Nilichungulia dirishani kila tulipopunguza mwendo. Pumba zangu hizo.

Lakini kwenye mlima injini ikaanza. Go-go-go-go. Blanketi halikusaidia kitu. Nikaona mambo yanaharibika, nikaanza kuimba. Wimbo wa kanisani, ule wenye beti nyingi kuliko nyimbo zote. Watoto wakadakia. Yudith kaniangalia kama nimerukwa na akili, lakini wimbo wa Mungu hawezi kuuacha. Ubeti wa pili nikasikia sauti nzito upande wa pili wa mbao. Mzee! Anaimba besi — na kwa nguvu, mwe, kwa nguvu kuliko wimbo unavyotaka! Ukuta unatetemeka. Mimi nikipandisha naye anapandisha. Tukamaliza beti zote saba, tukaanza upya.

Isakwisa analalamika hakuisikia injini kabisa. Eti kila akitega sikio, baba yake anaanza kiitikio.

Tuliporudi Mzee kamzunguka Konokono mara mbili, kampiga kofi ubavuni. Kawaambia kuku: "Bado ana pumzi huyu."

Nimeshinda! Nimesonga ugali wa leo kwa furaha, hata Yudith kauliza nina nini.

Jumatatu, 23 Julai

Nimesherehekea mapema.

Isakwisa na Yudith wamemzingira Mzee jana yote. Kombi hivi, Kombi vile, baba hutapigwa vumbi, baba utanyoosha miguu. Mwisho kasema twende Iringa tukalione, kuona si kununua. Lakini fedha ya kahawa ameichukua. Yudith kaiona, iko kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Tunaondoka Ijumaa, na Konokono. Likizo ya Isakwisa imetoka. Yaani Konokono anabebeshwa watu wanaokwenda kumtafutia mrithi!

Nimehesabu siku. Pumba zina siku nne tayari. Alawi alisema mbili tatu.

Ijumaa, 27 Julai. Nyololo

Ukungu, manyunyu, na baridi ya kukata masikio. Tuko kando ya barabara tangu saa nane. Naandikia kitandani, watoto wamejifunika ngozi ya kondoo.

Kwanza niseme: tulitoka vizuri. Chimala vizuri. Igawa nikachemsha chai, Mzee kanywa kule mbele vikombe vitatu, kawaambia kunguru kwamba chai ya njiani haina mwenzake. (Kuku tumewaacha.) Nilitazama Usangu yote inapita dirishani, nikajiambia: tazama sana, Tupokigwe, huenda ni mara ya mwisho. Sikuondoka dirishani maili nyingi. Hata Yudith kaniuliza kama naumwa.

Mlima wa kuingia huku ukatumaliza. Mvuke! Konokono kapiga mluzi kama birika, akasimama.

Isakwisa akangoja apoe, akafungua rejeta, akaingiza waya. Nilikuwa dirishani, kanga kichwani, pumzi nimeishika. Ukatoka uji. Uji kabisa, mzito, wa pumba. Akatoa wa kujaza kikombe. Nikasema moyoni, Kyala, Mungu wangu, nisaidie, leo narudishwa kwetu.

Kisha akatoa kitu cheupe. Kimeiva, kinaning'inia kwenye waya.

"Hii ni rejeta au sufuria?" Isakwisa kapiga kelele. "Nani kapika mayai humu?"

Yai? Mimi sikutia yai! Pumba zangu nazijua. Yai silijui.

Na hapo hapo, mbele, upande wa pili wa mbao, Mzee akaanza kukohoa. Wiki nzima hakukohoa hata mara moja. Leo ndipo kifua kimekumbuka kuumwa!

Nimekaa chini kwenye sakafu iliyooza. Mayai mabichi mawili, na mengine mawili. Siku nzima kwa Alawi, fundi wa njia nyingi za kuziba matundu. Kofia nyuma ya boneti alfajiri. Beti saba mara mbili. Nimejiziba mdomo kwa kanga nisicheke, na machozi yakatoka pamoja na kicheko, sikuweza kuyatenganisha. Yeye pia! Wakati wote huu, yeye pia!

Yudith anasema ni uchawi. Isakwisa anasema ni Alawi. Mimi nimesema kwa sauti labda ni yule Mzungu wa Chunya, Wazungu wana mambo yao. Kikohozi kimekoma ghafla.

Isakwisa ametuma ujumbe Iringa na basi: Philbert aje na Kombi kesho asubuhi, tutalitazamia hapa hapa, na kama ni zuri tunaendelea nalo. Konokono atabaki Nyololo, auzwe mbao na chuma.

Mzee amepewa kitanda kwa mzee mmoja wa kanisa hapa kijijini. Amekwenda bila kusema neno, hata kwa kunguru.

Jumamosi, 28 Julai. Nyololo bado

Naandika haraka.

Philbert kafika saa mbili. Kombi ni zuri, sitadanganya. Jeupe na kijani, mapazia yana maua kweli. Yudith keshaingia, kakaa dirishani, kitambaa kipya kichwani. Kapunga mkono kwa mbuzi.

Mzee alikuwa amerudi mapema, akapanda mahali pake mbele ya Konokono. Isakwisa akamfungulia mlango. Baba, karibu ulijaribu. Mzee hakushuka. Akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka huku nyuma:

"Hilo gari mlango wake wa nyuma uko wapi?"

Philbert akakimbia, akaufungua, akauonyesha. Huu hapa, mzee.

"Huo unaingia chumba hicho hicho. Mimi nauliza wa chumba kingine."

Hakuna kingine, Philbert akasema. Ndio uzuri wake.

Isakwisa akaanza: baba, tulikwisha kusema, Tupokigwe atapanda basi —

"Mke wa nani atapanda basi? Nani atachemsha chai Igawa? Yudith? Yudith anaunguza maji!"

Yudith kule kwenye mapazia: "Baba!"

"Mnaotaka kwenda, nendeni. Mimi na mpishi wangu tunangoja fundi. Aitwe Alawi."

Mpishi wangu. Miaka tisa sijawahi kuwa wa mtu katika maneno yake, nimekuwa wa kuku. Moyo umenijaa.

Sasa hivi Isakwisa amesimama barabarani kwenye manyunyu. Mkono mmoja ameshika waya, mwingine hajui auweke wapi. Anatazama mbele, anatazama nyuma. Kaja dirishani kwangu: "Tupokigwe, shuka basi wewe, ukienda kungoja basi naye ataona haya kukataa." Nimemwambia siwezi kushuka, mlango umekaza. Haujakaza. Nimeushikilia kwa mguu.

Philbert anauliza kama azime gari. Yudith anasema asizime.

Mzee amegonga ukuta wa mbao. Taratibu, kwa fimbo, mara mbili.

Si bahati mbaya. Ni kwangu. Haijawahi kutokea, na sijui kama kuna sheria yake. Kumwona siwezi, kumtaja siwezi, kuongea naye siwezi. Kugonga je? Hakuna aliyewahi kunikataza kugonga. Mama hakusema kitu juu ya kugonga.

Nimechukua mwiko. Nimegonga mara mbili.

Watoto wananitazama.

Amegonga mara tatu.

Isakwisa kainua kichwa, kaegemeza sikio kwenye boneti. "Injini imezimwa tangu jana," anamwambia Philbert. "Sasa kinachogonga ni nini?"

Mzee amenyamaza. Nami nimenyamaza. Mwiko ninao mkononi, Isakwisa akiondoka bonetini nami nitagonga tatu.